Bibi wa Sehemu ya Pili

Siku mwizi wa mbuzi alipokutana na Kornelia Akonaay njiani, alifanya kosa moja tu: alimwamkia.

Alikuwa kijana mgeni, amebeba beberu mabegani kama mchungaji, na Kornelia alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe. Kornelia alimtambua beberu, ni wa jirani. Kijana angeweza kukata kona akapita kwenye mahindi, lakini huku kwetu hata mwizi hawezi kumpita mama wa umri ule bila kusema shikamoo. Kornelia akaitikia marahaba, akatua mzigo wake wa majani katikati ya njia, akaanza. Nyumbani hawajambo? Mama yako je? Mvua huko kwenu zimeshanyesha? Ng'ombe wana maziwa? Na yule babu yako aliyekuwa anaumwa mguu, amepata nafuu? Kijana hakuwa na babu anayeumwa mguu, lakini akajibu kwamba amepata nafuu, anashukuru. Kila alipotaka kuondoka alipata swali jingine, na kila swali lilikuwa la heshima, halina pa kulikatisha. Beberu akachoka kubebwa, akaanza kulia. Watu wakasikia. Tulipofika, Kornelia alikuwa amefikia hali ya mazao.

Mimi ni jirani yake. Shamba letu na lao yanapakana hapa Maretadu, na kisa kile tulikicheka miaka. Aliyekipenda kuliko wote alikuwa Lameck.

Lameck ni mtoto wa Fausta, mdogo wake Kornelia. Fausta alifariki mtoto akiwa bado shule ya msingi, na Kornelia akamchukua akamlea pamoja na wa kwake. Alikuwa akimwita mama mkubwa, kama inavyopaswa, ila akiwa na homa au njaa alikuwa anasema mama tu. Alisoma, akaenda Arusha, akajifunza kazi ya kamera. Kwanza harusi, halafu mahafali, halafu siku moja akarudi na wenzake watatu na kusema anataka kutengeneza filamu ya Krismasi, ya kuchekesha, ambayo familia nzima inaweza kukaa pamoja ikaitazama bila mtu kuinamisha uso. Majambazi wanaiba mbuzi wa sikukuu. Bibi mmoja anawakamata kwa salamu.

"Bibi ataigizwa na nani?" Kornelia akauliza.

"Na wewe, mama mkubwa."

Alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu. Jambazi mkuu aliigizwa na Gidabuday, mfugaji kutoka Hirbadaw, mtu mrefu mwenye uso wa huzuni, ambaye akikimbia tu watu wanacheka. Walirekodi hapa hapa, kwenye uwanja wa Mzee Xavery, mume wa Kornelia, na kwenye njia ya kisimani. Kornelia hakuweza kushika maneno aliyoandikiwa. Kila wakirudia alisema mengine, na yale mengine yalikuwa mazuri zaidi. Gidabuday alikuwa anajiuma midomo asicheke mbele ya kamera.

Filamu ile, *Bibi na Mbuzi wa Noeli*, ilitoka wiki ya Krismasi na ikapita kwenye simu za watu kama habari ya mvua. Ilionyeshwa Haydom, Dongobesh, Katesh, hadi Babati. Watoto wa shule walikuwa wanamwamkia Kornelia kwa makundi ili awaulize habari za babu yao mwenye mguu. Naye aliwauliza. Hakuwahi kujivuna, ila nilimwona akianza kufunga kitambaa chake vizuri kabla ya kwenda hata bombani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, wakati tunapura maharage, Lameck alikuja kusema kutakuwa na sehemu ya pili. Safari hii pana watu wa Arusha wameingia, kamera kubwa zaidi, watarekodi kule Katesh chini ya mlima. Kornelia alifurahi hadi akaacha fimbo ya kupuria. Walikaa kwenye mkeka mchana mzima. Yeye ndiye aliyetoa wazo la mkokoteni wa punda: majambazi wametoroka, wameiba mbuzi pamoja na kinanda cha kwaya, wanakimbia na lori kuelekea mnadani, na bibi anawafuata kwa mkokoteni. Ila punda hataki kwenda mpaka aamkiwe kwanza. Lameck alicheka akalala chali kwenye maganda ya maharage. Alirekodi kila kitu kwenye simu.

Mwezi wa nane akapiga simu. Wale wa Arusha wamejitoa, alisema. Filamu haipo tena.

"Basi si kitu," Kornelia akamwambia. "Usihuzunike. Utafanya nyingine."

Alipokata simu aliniambia kwamba anamwonea huruma mtoto, sauti yake ilikuwa nzito. Alimwonea huruma yeye.

Haukupita muda, Lameck akaleta mgeni. Binti wa chuo, alisema, anaitwa Justina, yuko fildi, anataka kujifunza maisha ya mama mkulima. Anaomba akae naye siku chache. Kornelia hakuuliza barua wala kitambulisho. Mgeni ameletwa na mtoto wako, unauliza nini? Alimpa chumba cha mabinti walioolewa na akamchinjia kuku.

Yule Justina alikuwa na adabu. Aliamkia vizuri, aliamka mapema, alijaribu kukamua hata alipopigwa teke. Siku chache zikawa wiki, na wiki zikaongezeka, na hakuna aliyetaka aondoke. Alikuwa anakata majani na Kornelia, anachambua naye mbegu, anatembea nyuma yake kwenda shambani na kurudi. Aliuliza vitu vidogo vidogo. Kwa nini ukicheka unafunika mdomo kwa mkono wa kushoto? Ukimwona mtu anakuja kwa mbali, unafanyaje? Kornelia akamwonyesha: mkono juu ya macho, kiuno kimepinda kidogo upande ule wenye goti bovu. Binti akajaribu. Wakacheka wote wawili.

"Huyu mtoto anakufuata nyuma kama ndama," Mzee Xavery alisema siku moja, tukiwa uani kwao.

"Ndama anafuata maziwa," Kornelia akajibu. "Huyu anajifunza."

"Ndiyo. Nimeona."

Mzee Xavery si mtu wa maneno mengi na hatukumwuliza zaidi.

Kulikuwa na jambo moja la jikoni. Kornelia akitia chumvi kwenye mboga, alikuwa anachota kidogo kwa mwiko, ananyoosha mkono upande wa pili wa mafiga, pale penye kigoda kisichokaliwa na mtu, na kusema taratibu, "Fausta, onja." Anasubiri kidogo. Kisha anaonja mwenyewe. Yeye na mdogo wake walijifunza kupika pamoja, wakiwa wadogo, kwenye chungu kimoja, na Fausta ndiye aliyekuwa na ulimi wa chumvi. Sisi majirani tulijua. Tulishazoea na hakuna aliyeona ni kitu cha kusema. Justina alipouliza, Kornelia alimweleza yote: ugonjwa ulivyoanza, safari ya hospitali, Fausta alivyomshika kidole akamwambia amtunzie Lameck. Binti alilia. Kornelia aliniambia kwamba alilia kweli, machozi yalimdondokea kwenye unga.

Siku ya kuondoka, Kornelia alimpa kitambaa chake cha kichwa, kile cha rangi ya udongo chenye maua meupe, ambacho alikivaa kwenye filamu ya kwanza. "Ukiwa chuoni uvae, unikumbuke," alimwambia. Tulimsindikiza hadi barabarani.

Desemba ilipofika, binti yake Kornelia aitwaye Natalia, aliyeolewa Katesh, alipiga simu. "Mama, mbona hukuniambia kama filamu yenu imekamilika? Wamebandika tangazo. Wataionyesha huku siku ya pili ya Krismasi, mchana, kwenye ukumbi wa sherehe."

Kornelia aliniita niende nione kwenye simu yake ile picha aliyotumiwa na Natalia. Bibi amesimama kwenye mkokoteni wa punda, ametupa mgongo, mlima Hanang uko mbele yake. *Bibi na Mbuzi wa Noeli, Sehemu ya Pili.*

"Hii haikurekodiwa," nikasema.

"Labda wamechora kwa kompyuta." Aliisogeza simu karibu na macho. "Kile kitambaa nilimpa Justina."

"Huenda wamepata kingine kama kile."

"Huenda." Halafu uso wake ukafunguka. "Lameck anataka kunishtukiza. Mwezi wa sita si alinirekodi pale kwenye mkeka? Amechukua sauti yangu, amechukua yale maneno, ameunganisha. Ndiyo maana sauti yake ilikuwa vile kwenye simu. Hajui kudanganya, mtoto yule, tangu zamani."

Alimpigia Lameck. Simu iliita ikakatika. Kornelia akasema mtoto ana kazi nyingi, tusimsumbue, tutafika tu tumshtukize yeye.

Kwa hiyo tulikwenda kundi zima. Kornelia alishona kitenge kipya, na alialika watu kama wa arusi: Mzee Xavery, mimi na mume wangu, mjukuu wake Sara, wanakwaya kadhaa. Tulipanda gari Haydom, tukapita Basotu, na njia nzima watu waliomtambua walimwuliza kama safari hii majambazi wataponea wapi. Alisema tusubiri tuone. Ule ulikuwa ukweli, hakujua.

Ukumbi ulikuwa umefunikwa madirisha kwa mapazia mazito, mchana wa jua kali. Ulijaa. Mlangoni kijana mmoja alimtazama Kornelia, akamtazama tena, akatafuta la kusema, akasema tu, "Karibuni, wazee wakae mbele." Tukakaa mbele.

Ilianza vizuri, na nisipotoshe, ilikuwa filamu nzuri. Gidabuday anatoroka rumande akiwa amevaa kanzu ya mwanakwaya, fupi, inaishia magotini. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na Kornelia alicheka kuliko wote, mkono wa kushoto mdomoni. Kisha likaja shamba, na kwenye shamba bibi, kwa mbali, amebeba majani. Anatembea kiuno kimepinda kidogo upande wa goti bovu.

"Bibi, ni wewe," Sara akanong'ona.

Bibi kwenye kioo akasogea. Akaweka mkono juu ya macho. Kamera ikamkaribia, na chini ya kile kitambaa cha maua meupe, chini ya mikunjo iliyopakwa na nywele nyeupe za kubandika, alikuwa Justina.

"Bibi," Sara akasema tena, "mbona si wewe?"

Kornelia hakumjibu. Alikuwa ameshusha mkono kutoka mdomoni na kuuweka mapajani. Watu walicheka mbele yetu na nyuma yetu. Punda akakataa kwenda mpaka aamkiwe. Bibi akamwamkia, akamwuliza habari za nyumbani, akamwuliza habari za babu yake mwenye mguu. Ilikuwa sauti ya Kornelia karibu yote, hata ile namna yake ya kuvuta neno la mwisho kama sisi Wairaqw tunavyovuta tukisema Kiswahili. Mkokoteni ukashuka mteremko, kinanda kikaanguka kutoka kwenye lori kikawa kinapiga chenyewe wimbo wa Noeli, mbuzi akapanda juu ya kinanda. Mtoto mmoja nyuma yetu alicheka hadi akapaliwa.

Nilitegemea mabaya yameishia hapo. Halafu bibi wa kwenye kioo akaingia jikoni. Majambazi wamejificha darini, wanamchungulia. Akatia chumvi kwenye chungu, akachota kwa mwiko, akanyoosha mkono kwenye kigoda kitupu.

"Marieta," akasema, "onja."

Akasubiri. Darini Gidabuday akamtazama mwenzake, akazungusha kidole kando ya kichwa: bibi ana kichaa. Ukumbi ukacheka kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Bibi akarudia, "Marieta, imekolea?" na majambazi wakaogopa kwamba kuna mzimu, wakaanguka kutoka darini wakaingia kwenye pipa la pumba.

Mzee Xavery alisimama. Alimshika mkewe kiwiko, naye akasimama, na tukatoka wote katika ule mwanga wa kioo, watu wakituambia tuiname, tunawakinga.

Lameck alikuwa nje, amesimama kivulini na watu wa Arusha. Alipotuona alibadilika uso. Akaja, akasimama mbele ya Kornelia, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa na yeye mwenyewe Kornelia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Tulisubiri. Sijawahi kuona jambo lile na sitaki kuliona tena. Shikamoo ikiwa imetolewa na mtoto kwa mama yake, hata wakiwa wamegombana, huitikiwa. Kornelia alimtazama muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Kisha akamgeukia Sara, akamfunga kifungo cha sweta, akasema twende kwa Natalia tukanywe chai. Tukaondoka. Lameck alibaki ameinamisha kichwa.

Siku zilizofuata Kornelia alirudi kwenye kazi zake. Alipalilia. Alipika. Niliingia jikoni kwake mara kadhaa nikaona akitia chumvi na kuonja mwenyewe, haraka, kama mtu anayekunywa dawa. Kigoda alikuwa amekitoa nje, kuku wanalalia.

Gidabuday ndiye aliyekuja kwanza, mwanzoni mwa mwaka. Alitoka Hirbadaw kwa pikipiki na kubeba kibuyu cha maziwa. Aliamkia, akaketi, akanyamaza, kama desturi ya watu wake wanapokuja na jambo. Mwishowe akasema:

"Mama, nimekuja kukuuliza. Tumekukosea nini hata ukakataa kufanya kazi na sisi?"

Kornelia akaacha kupepeta. "Nani alikataa?"

"Wewe. Lameck alituambia umekataa. Kwamba umesema umechoka kuchekwa na watu, na kwamba umetoa ruhusa huyo binti akuigize. Mimi nilisema basi, mama mwenyewe akisema hivyo ni haki yake. Nilisikitika. Ile kazi bila wewe haikuwa na ladha."

"Mimi niliambiwa filamu imekufa."

Gidabuday alitazama chini. Ule uso wake wa huzuni, ambao watu huucheka, siku ile hakuna ambaye angeucheka. "Na pale jikoni," akasema, "sikujua. Waliniambia zungusha kidole, nikazungusha. Natalia ndiye aliyenieleza baadaye, mnadani. Nisamehe."

"Wewe sina neno na wewe," Kornelia akamwambia, na akaenda kumpikia.

Kilichomuumiza zaidi, nadhani, kilikuja mwezi wa pili. Filamu ilikuwa imeshaenea kupita ile ya kwanza, na wengi walioiona hawakuwahi kuiona ya kwanza. Tulikuwa mnadani Dongobesh, Kornelia anatembea mbele yangu na mzigo wa vitunguu. Kundi la wasichana wa sekondari likaanza kucheka. Mmoja, mwenye uso mzuri, wala hakuwa na ubaya, alimkimbilia akamwamkia na kumwambia, "Bibi, unamwigiza vizuri sana yule bibi wa mbuzi. Hata mwendo."

Kornelia alitua mzigo. Nilifikiri atamweleza. Alimwangalia yule msichana, akasema, "Asante. Ninajifunza."

Tangu siku ile nilimwona akijaribu kunyoosha kiuno akitembea mbele za watu. Goti likamkatalia, likavimba, akalala ndani siku kadhaa. Mzee Xavery alikuwa anamkanda kwa maji ya moto, na niliposogea mlangoni nilimsikia akimwambia, "Tembea kama unavyotembea. Wewe ndiye mwenye mwendo."

Halafu yule binti akapiga simu. Nilikuwepo. Kornelia aliweka sauti kubwa kwa sababu sikio lake moja si zuri.

"Shikamoo bibi. Mimi ni Evaline."

"Evaline yupi?"

"Yule wa... mlikuwa mnaniita Justina. Nimekosa usingizi, bibi. Lameck alisema utajua baadaye, kwamba ni zawadi, kwamba yeye mwenyewe ataongea na wewe. Nilikupenda kweli. Sikuigiza nilipolia."

Kornelia alisikiliza hadi mwisho. Hakumkatisha.

"Justina nilikuwa namjua," akasema. "Alikaa hapa kwangu, alikuwa mtoto mzuri. Wewe Evaline sikujui, na sina ugomvi na mtu nisiyemjua. Ukikutana na Justina mwambie kitambaa ni chake, sikidai."

Akakata simu, akaniuliza kama chai yangu imepoa.

Lameck alikuja kabla ya Pasaka. Hakuja peke yake. Alimchukua mjomba wake Onesphory, kaka mkubwa wa Kornelia, mzee anayeheshimiwa na ukoo wote, maana alijua peke yake hatafunguliwa mlango wa moyo. Mimi na mume wangu tuliitwa kama mashahidi wa ujirani. Tuliketi kwenye uwanja, asubuhi, ukungu bado haujaondoka kwenye mahindi.

Mjomba Onesphory alisema yaliyopaswa kusemwa. Kisha Lameck akasema yake. Watu wa Arusha walitaka mtu anayeshika maneno, anayeweza kwenda kuhojiwa redioni, anayeweza kuruka kwenye mkokoteni. Walimwambia ama bibi mwingine ama hakuna filamu. Aliogopa kumwambia, akasema uongo mmoja, na ule ukazaa mwingine.

"Ungeniambia," Kornelia akasema. "Ningekwambia goti langu ni bovu kweli, mchukue huyo binti, na ningemfundisha mwenyewe. Mwendo si mali yangu, nilipewa na goti. Ningemfundisha na ningecheka pale mbele siku ile pamoja na watu."

"Najua, mama mkubwa."

"Kama unajua, tuache ya mwendo. Niambie ya jikoni."

Lameck alishika kichwa. "Ya jikoni ilikuwa bahati mbaya. Evaline aliileta kama kichekesho, alisema ameiona kwa bibi mmoja. Kulikuwa na haraka. Mimi sikufikiri. Nilibadilisha jina tu, tukaendelea."

Mzee Xavery aliinua macho yake kutoka chini, na mjomba Onesphory akajikohoza.

"Ulibadilisha jina," Kornelia akasema.

"Ndiyo."

"Basi ulijua ni nani."

Lameck alianza kulia, mwanaume mwenye ndevu, akilia kama alivyolia siku ya maziko ya mama yake, tulipomrudisha kutoka makaburini ameshikwa mkono. Kornelia hakuinuka kumbembeleza. Nilitaka ainuke. Nilimwona mikono yake ikitaka, ilijikunja kwenye kanga ikajikunjua, lakini alibaki ameketi hadi alipomaliza.

"Sikia," akasema. "Ukoo umekuja, siwezi kuurudisha mikono mitupu, na wewe ni mtoto niliyeachiwa. Nyumba hii ni yako. Utakuja, utakula, utalima. Ukiugua utalala chumba chako kile. Ila yale unayoyasikia na kuyaona hapa ndani hutayatoa nje tena. Na mimi, nikiwa na jambo la moyoni, sitakuambia wewe. Nitamwambia mwingine. Hilo usiniombe, maana hata nikitaka siwezi tena."

"Nimekubali," Lameck akasema.

Mjomba Onesphory alimwaga maziwa kidogo chini na kutuombea. Tukala.

Watu wanasema kutakuwa na sehemu ya tatu. Lameck hajasema na hakuna aliyemwuliza. Ila wiki ile ya Pasaka alibaki, akaazima jembe la Mzee Xavery, na wakapalilia pamoja lile shamba la bondeni, mzee upande mmoja na yeye upande mwingine, bila maneno. Zamani, akija kulima, Kornelia alikuwa anampelekea chakula shambani mwenyewe na kukaa naye mpaka amalize. Safari hii alipakua, akafunika, akamwita Sara apeleke. Kilikuwa chakula kingi, na kilifika cha moto.